Kabla hujatafuta ngozi ya mbuzi: kutengeneza ngoma, marimba na kayamba nyumbani

Watu wakijua natengeneza ngoma, swali la kwanza ni ngozi. Unaipata wapi, ya mbuzi au ya ng'ombe, shingapi. Mi huwa nawaambia ngozi ngoja kwanza, nenda jikoni kachukue mfuniko wa sufuria, ushike ukingoni kwa mkono mmoja halafu ugonge na kijiko. Unatoa "ka" imeisha hapo. Sasa funga uzi kwenye kishikio chake cha katikati, uning'inize, gonga tena. Mfuniko uleule, kijiko kilekile, ila saa hii unalia mpaka jirani anauliza kuna nini. Hujaongeza kitu chochote, umetoa mkono tu.

Kazi hii ya ala za kupiga kwa sehemu kubwa ndo iko hapo. Kila kitu kigumu kina sauti yake na ukikigonga kinataka kutetema, sasa kuna sehemu zake zinazocheza sana na kuna sehemu zimetulia kabisa, ukishika au kupigilia msumari kwenye zile zinazocheza umeiua sauti, ukishika pale palipotulia kinalia vizuri hata kama kimetengenezwa kwa mabaki. Nimeona watu Mbeya mjini wananunua mbao nzuri ya bei halafu wanaipigilia misumari kwenye fremu mwanzo mwisho kama wanaezeka banda, wanashangaa mbona marimba haiimbi.

Kwa hiyo tuanze na mbao, maana ngozi ina mambo yake mengi nitayafikia.

Kwa marimba ndogo ya nyumbani tafuta mninga mkavu. Huhitaji kununua ubao mzima, pita kwa mafundi seremala wanaotengeneza milango na vitanda, vile vipande vya kutupa vya urefu wa sentimita 25 mpaka 40 hivi, upana wa vidole vitatu, ndo saizi yako, na wengi watakupa kwa hela ya soda. Mninga una ndugu yake wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati anaitwa padauk, na huyo viwanda vya nje vinamtumia kutengenezea marimba na zailofoni za kuuza, kwa hiyo we na mabaki yako ya kitanda uko kwenye ukoo mzuri tu. Paina ya Sao Hill, ambayo huku kwetu ndo imejaa na ndo rahisi, kwa vibao vyenyewe ni laini mno, ukigonga inameza sauti, ila kwa fremu na maboksi haina shida itumie. Cha muhimu kuliko hata aina ya mti ni ukavu. Mbao mbichi hata iwe ya mti gani inatoa sauti ya boga.

Sasa pa kushika. Ubao ulionyooka, unene sawa mwanzo mpaka mwisho, ukiugonga katikati unajikunja juu na chini, katikati inacheza na ncha mbili zinacheza, na katikati ya hayo kuna mistari miwili iliyotulia. Mistari hiyo iko asilimia 22 na kidogo ya urefu kutoka kila ncha, yaani ubao wa sentimita 40 ni kama sentimita 9 toka huku na 9 toka kule. Sikulazimishi uamini hesabu, nyunyiza chumvi. Weka ubao juu ya vipande viwili vya sponji la godoro, mwaga chumvi laini ya kutosha juu yake, halafu gonga katikati polepole na kitu chenye mpira, gonga gonga gonga usichoke. Chumvi itaanza kurukaruka na kuhama yenyewe, baada ya muda unaona imejipanga mistari miwili kukatiza ubao, kwingine hakuna kitu. Hapo kwenye mstari ndo utoboe tundu la kamba au ulaze sponji. Watoto wanaipenda hii kuliko marimba yenyewe, na kama we ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi una kipindi kizima hapo bila kununua hata chaki.

Kutafuta noti, yaani sauti ya kila kibao, nako kuna utaratibu wake. Ukipunguza urefu kwenye ncha sauti inapanda. Ukigeuza ubao na kuukwangua tumboni, pale katikati upande wa chini, sauti inashuka. Basi, una njia mbili tu, na uzuri wake ni kwamba ukizidisha moja unarudi na nyingine. Lakini angalia hapa, ubao sio waya wa gitaa. Waya ukiugawa nusu unapanda oktavu moja, yaani toka do ya chini mpaka do ya juu, ubao ukiukata nusu unapanda oktavu mbili. Ukitaka oktavu moja tu toka kwenye ubao wa sentimita 40, bila kugusa unene, unakata mpaka 28 na milimita kadhaa. Mtu asiyejua hili anakata kwa hesabu za gitaa, anamaliza mbao zote na bado do yake ya juu iko mbinguni. Tumia programu ya tyuna, ya kupimia noti, kwenye simu, za bure zipo kibao, na ukwangue kwa tupa kidogokidogo huku unapima, sio kwa randa. Fanya tyuni kwanza, chumvi ya mwisho na kutoboa baadaye, maana ukikwangua tumbo ile mistari inasogea kidogo.

Ukitaka sauti ijae weka bomba chini ya kila kibao, la plastiki la maji, chini umeziba juu wazi. Urefu wake unaendana na noti, mfano ile noti ya "la" ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, inataka bomba la kama sentimita 18 kwa bomba la inchi mbili. Anza na 20, sogeza kizibo ndani mpaka usikie kibao kimepata nguvu ghafla. Hiyo utaisikia mwenyewe huhitaji simu.

Ngoma za ndoo. Hapa sikai sana maana kila mtoto wa mtaani anajua kupiga ndoo, ila ile ndoo ya rangi ya lita 20 ukiigeuza na kuilaza chini kwenye sakafu umeziba mdomo, besi haina pa kutokea. Weka jiwe chini ya ukingo mmoja inyanyuke kidogo, au ibane kwa miguu uinamishe. Ndo maana hata ngoma za wazee zilizo wazi chini mpigaji anaibana mapajani au anailaza upande, haikai wima chini kama pipa la maji. Na kama una kopo kubwa la bati lisilo na kitako, lile la maziwa au la rangi, vuta selotepu pana ya kufungia maboksi mdomoni, ikatize kama nyota, kila mstari umevutwa kwa nguvu, tabaka mbili tatu, mwisho zungushia pembeni. Inalia vizuri kuliko watu wanavyodhani na mvua haiifanyi kitu. Kwa darasa la watoto 60 hiyo inatosha kabisa usijisumbue na ngozi.

Haya, ngozi.

Kwanza chanzo. Usichukue ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe hata kama unapewa bure, hata kama mwenye nayo ni shemeji yako. Kuna ugonjwa wa kimeta. Vijidudu vyake vinakaa kwenye ngozi kavu miaka na miaka, kukausha juani hakuviui, na fundi wa ngoma ndo mtu anayekwangua ile ngozi na kuvuta vumbi lake. Mwaka 2006 kule New York kuna mtengenezaji ngoma aliugua kimeta cha mapafu kutokana na ngozi zilizotoka Afrika Magharibi. Kwa hiyo nenda machinjioni penye mkaguzi, chukua ngozi ya mbuzi aliyepimwa na kuchinjwa, basi. Na kenge muache porini, najua ngozi yake inalia vizuri, wazee waliitumia, lakini huyo ni mnyamapori na sheria ipo.

Ngozi za biashara nyingi zimepakwa chumvi zisioze. Chumvi hiyo lazima itoke yote, osha, badilisha maji, osha tena, kwa sababu chumvi inavuta unyevu toka hewani na ngoma yako itakuwa imelegea kila asubuhi. Ngozi kavu iloweke usiku mzima kwenye maji ya baridi. Najua huku kwetu mwezi wa saba maji ya bomba yanakata vidole na kishawishi cha kuongeza ya moto ni kikubwa, usithubutu, maji ya moto yanaikunja ngozi inakuwa gamba na hairudi tena.

Wakati inalowa we shughulika na mdomo wa ngoma, na hapa ndo nataka usome taratibu maana ni lile suala la mshiko limerudi. Ngozi inatakiwa iguse mti kwenye mstari mmoja tu, mwembamba, wa duara, sio kwenye ukingo mpana wa bapa. Zungushia tupa ukingo wa ndani uinamie ndani kidogo na wa nje uwe mviringo ili ngozi isikatike. Halafu usawa: pindua ngoma mdomo chini juu ya kioo au meza iliyonyooka kweli, zima taa, washa tochi ya simu ndani. Ukiona mwanga unapenya mahali ujue hapo pako chini. Gundisha msasa kwenye meza, zungusha mdomo wa ngoma juu yake, rudia tochi mpaka giza. Ngoma nyingi zinazokoroma ile "zzz" isiyotakiwa ugonjwa wake uko hapa wala sio kwenye ngozi.

Kufunga: mstari wa mgongo wa mbuzi upite katikati ya mdomo, maana mgongoni ngozi ni nene na ukiuweka pembeni upande mmoja utalia tofauti na mwingine. Kwa kamba unahitaji ringi mbili za nondo ya milimita 6, fundi wa kuchomelea anakukunjia kwa kipimo cha mdomo, na kamba isiyovutika, zile za kufungia mizigo ya pikipiki zenye mpira ndani sahau kabisa. Vuta ikiwa mbichi lakini usivute mpaka mwisho, ikikauka itajivuta yenyewe na ukiwa umeshaimaliza yote itapasuka. Ianike kivulini siku kadhaa, ndo uje ukaze mara ya pili. Manyoya unayanyoa kwa wembe ikiwa imekauka.

Na hali ya hewa, hii msipuuze. Ngozi inanyonya unyevu, inatanuka, inalegea, sauti inashuka. Mtu wa Tukuyu ambako mvua ni karibu mwaka mzima atapigana na ngoma yake kila siku, mtu wa Iringa mjini mwezi wa tisa na ule upepo mkavu tatizo lake ni kinyume, ngozi inakaza mpaka inalia kama bati, na ukiiacha ndani ya gari juani unaikuta imechanika. Ndo maana kwenye ngoma za kienyeji kuna moto pembeni, ule sio wa kuota tu. Ukiipasha simama mbali, zungusha, gusa kwa kiganja, ikiwa inakuunguza wewe nayo inaungua. Kwaya zenye vipindi vya alfajiri Rungwe na Makete kule bora muwe na ngoma moja ya plastiki ya akiba.

Kayamba na manyanga ni rahisi lakini watu wanajaza mno. Mbegu zinatakiwa ziruke, zikijaa zinakaa. Ulezi unatoa sauti laini ya upepo, mahindi yanatoa kelele nzito, na mbegu nyeusi za yale maua ya kanna wanayopanda uani ndo bora kuliko zote kwangu, ngumu, mviringo, hazivunjiki. Mchele unavunjika unakuwa unga, halafu panya wanakutembelea. Kwa mwili wa manyanga tumia kibuyu au pingili ya mwanzi, na Iringa na Njombe mianzi ipo ya kutosha ila mingi ni ya ulanzi, ni mradi wa mtu, omba kwanza. Chukua uliokomaa, uloweke siku nyingi kwenye maji kabla ya kuukausha, utamu ulio ndani ndo unaowaita wale wadudu wa kutoboa na kuacha unga chini.

Visoda pia, jamani visoda havina mfano. Toa ile plastiki ya ndani, yote, ndo inayovibana visilie. Viponde kwa nyundo viwe bapa, toboa kwa msumari mnene upitishe waya mwembamba, tundu liwe pana kuliko waya ili kisoda kielee. Viwili viwili vikitazamana kwenye kipande cha mti, umepata njuga ya darasani.

Mikwiro, yaani fimbo za kupigia, nimeiacha mwisho na watu wengi wanaichukulia poa, wanaokota kijiti chochote. Mkwiro mgumu unaamsha zile sauti kali za juu, mkwiro wenye kichwa laini unaziacha zimelala na kutoa ile nzito ya chini, kwa hiyo marimba ileile na mikwiro tofauti ni kama una marimba mbili. Kata tyubu ya baiskeli mikanda myembamba, zungushia kwenye ncha ya fimbo huku unavuta, mizunguko michache kwa vibao vifupi, kichwa kinene kwa vibao virefu. Na mkwiro wenyewe usiukabe ngumi, ushike kwa vidole viwili, uache uruke wenyewe ukishagonga.