Uteuzi wa mbegu: kazi ya kufanywa mahindi yangali yamesimama

Uteuzi wa mbegu ni kuiacha mimea yenye sifa unayoitaka ndiyo izae kizazi kijacho, na kuinyima mingine nafasi hiyo. Ukirudia msimu baada ya msimu, sifa hiyo huenea shamba zima. Mahindi ya Katumani yalipatikana hivyo kule Machakos: yalichaguliwa kwa kuwahi kukomaa, mvua isiyatupe.

Wengi huchagua wakiwa wamechelewa. Huvuna, humwaga mahindi uani, kisha huokota magunzi manene. Lakini gunzi nene halikuambii lilikotoka. Pengine bua lake liliangukia penye samadi, au lilikuwa pembeni bila jirani wa kugombania maji. Unene wa namna hiyo haurithiwi. Pita shambani kabla ya kuvuna, utafute mmea uliozungukwa na wenzake pande zote na bado ukawashinda: bua limesimama imara, majani hayana michirizi ya ugonjwa, na maganda yamefunika gunzi hadi nchani. Ufunge uzi. Hilo la maganda lisipuuzwe hata kidogo, maana gunzi lililo wazi juu huingiza maji, wadudu na ukungu unaoleta sumukuvu.

Hapo umemchagua mama tu. Chavua ya mahindi, yaani unga wa maua ya kiume, huja na upepo, na punje za gunzi moja huweza kuwa na baba tofauti tofauti. Kwa hiyo mabua dhaifu yakatwe mbelewele, yale maua ya kileleni, kabla hazijamwaga chavua. Aina mbili hutenganishwa kwa mita 200 hivi, umbali usiopatikana kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 huko Ruai au Utawala jijini Nairobi, jirani akiwa amepanda chotara, yaani mbegu ya kuzalishwa kwa kuchanganya mistari tofauti. Tenganisha kwa muda: pishaneni wiki nne. Hesabu siku ya kutoa maua, si ya kupanda, kwa sababu Katumani hutangulia chotara za muda mrefu hata zikipandwa siku moja.

Changanya punje kutoka magunzi 100 au zaidi, kila gunzi kwa kiasi sawa. Ukitegemea kumi bora pekee, ndugu watazaana na mimea itaanza kudumaa.

Nyanya hazina taabu hiyo, kwani hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa. Mimea sita mizuri yatosha. Anza na Cal J au Rio Grande, aina zisizo chotara. Mbegu za Anna F1, ambayo ni chotara, zitaota, ila watoto watatofautiana kwa umbo, mazao na uvumilivu wa magonjwa.