Je, wajua kwa nini deni la korosho hugeuka kura Mtwara na Lindi?

Mwaka wa uchaguzi, mgombea anayepanda jukwaani Tandahimba, Newala au Liwale anajua swali linalomngoja: korosho mwaka huu shilingi ngapi? Maji, barabara na zahanati vitaulizwa, lakini baadaye. Wengi hudhani ni kwa sababu tu korosho ndiyo hela ya kusini. Ni kweli, ila sababu nzito zaidi iko kwenye mizani na karatasi.

Twende kwenye chama cha msingi cha ushirika, mwezi wa kumi na moja. Mkulima kafika na gunia lake juu ya bodaboda. Kijana wa chama anachoma gunia kwa bambo, anatoa korosho chache, anazikata kutazama kiini. Gunia linapanda kwenye mizani, kilo zinasomwa kwa sauti, mkulima anaandikiwa karatasi. Mama mdogo wangu yake huifunga kwenye pindo la kanga. Anarudi nyumbani hana korosho, hana hela. Mzigo utakwenda ghala kuu, utaingia mnadani, mnunuzi atalipa, makato yatakatwa, ndipo fedha zishuke benki. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanzia kwenye korosho ya Mtwara msimu wa 2007/08.

Kabla yake alitamba kangomba, mnunuzi wa kichochoroni: anakuja hadi mlangoni, anapima kwa bakuli, analipa papo hapo kwa bei ya kukunyonga. Hajafa hadi leo. Ulikuwa unyonyaji mtupu, lakini ugomvi wako ulikuwa na mtu mmoja mwenye bakuli. Stakabadhi ghalani naitetea, kwa sababu mnada umempa mkulima bei ambayo bakuli lisingempa kamwe. Lakini imebadili mdaiwa. Ushirika unasimamiwa na maofisa wa serikali, Bodi ya Korosho ni ya serikali, halmashauri inachukua ushuru wake, na watu wakinuna mnadani anayesimama kuwatuliza ni mkuu wa wilaya. Hela ikichelewa, mkulima haoni kuwa anakidai chama cha msingi. Anaona anaidai serikali, na CCM, chama kinachoishika serikali.

Liwale ilionyesha hivyo Aprili 2013. Wakulima walishalipwa shilingi 600 kwa kilo na wakaahidiwa 600 nyingine. Zikaja 200. Hasira ikalipuka, na nyumba za viongozi wa ushirika na wa CCM zikachomwa moto. Siwezi kutetea kuchoma nyumba ya mtu, lakini shilingi 400 kwa kila kilo ni ada, ni bati, ni matibabu ya mtu. Mwezi uliofuata, Mei 22, Mtwara mjini nako kukawaka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam. "Gesi haitoki," watu walisema. Ilitoka. Bomba likazinduliwa Oktoba 2015, siku chache kabla ya kura ya tarehe 25. Kura zilipohesabiwa, Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Liwale na majimbo yote mawili ya Kilwa yalikwenda CUF, Ndanda ikachukuliwa na CHADEMA, vyote vyama vya upinzani.

Upinzani nao wajibu la kwao. Mbunge wa Liwale aliyepewa kura zile alihamia CCM mwaka 2018, akagombea tena kwa kofia mpya na kurudi bungeni. Waliompa kura kwa machungu ya korosho hawakuulizwa.

Na mwaka huohuo ndio uliotuumiza kuliko yote. Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru, na sheria ilitaka asilimia 65 ya ushuru huo irudi kuendeleza zao lenyewe. Humo ndimo salfa, dawa ya mikorosho, ilimopatikana. Asiyejua salfa ni nini aje shambani maua yakiwa yameshikwa na ugonjwa wa ubwiriunga: yananyauka yakiwa bado mtini, na msimu umekwisha kabla haujaanza. Juni 2018 Bunge likapitisha mabadiliko, fedha zote zikaelekezwa mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa upinzani, walipinga kwa sauti moja. Hawakusikilizwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kashfa hasa, kwa kuwa haikufanyika gizani. Ilipigiwa kura mchana.

Miezi minne baadaye wakulima wa Tandahimba na Newala waliikataa bei ya mnada. Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza kuwa serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kuisomba. Watu walishangilia, nami sikuwalaumu. Kisha ukaja uhakiki wa kuthibitisha kuwa wewe si kangomba, na malipo yakaburutika hadi mwaka uliofuata. Januari 2019 serikali ikatia saini kuiuzia kampuni ya Kenya, Indo Power, tani 100,000. Mkataba ukafa, korosho ikabaki ghalani.

Siku hizi mnada unaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, salfa inatolewa kwa ruzuku, na Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000. Hayo ni mazuri na nayataja kwa furaha.

Lakini itazame kalenda. Kura zilipigwa Oktoba 31 mwaka 2010, Oktoba 25 mwaka 2015, Oktoba 28 mwaka 2020, Oktoba 29 mwaka 2025. Kwa kawaida Oktoba ndiyo minada ya kwanza inafunguliwa. Kwa hiyo wengi hufika kituoni wakiwa wameshapima na bado hawajalipwa. Mama mdogo akifungua pindo la kanga atoe kadi ya mpiga kura, anaitoa pamoja na karatasi ya kilo.