Rivolva ndogo za kujilinda: maneno ya mtaani na ukweli wake

Hapa Tabora, mwenye stoo ya nafaka au duka la jumla akishaamua kuomba kibali cha kumiliki silaha, mara nyingi utamsikia anataka rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, tena iwe fupi. Kisha anaanza kulinganisha zinazofanana, za kampuni mbili za Marekani. Achukue Smith & Wesson 642 au 637? Ruger LCR au SP101? Hapo kila mtu ana la kumwambia, na mengi ya anayoambiwa si kweli. Mtu anaweza kutumia fedha nyingi na miezi ya kufuatilia makaratasi, akaishia na kitu asichoweza kukitumia usiku atakaokihitaji.

"Nyepesi ndiyo rahisi, hata mama wa nyumbani ataiweza"

Hili linanikera kuliko yote, maana linawaumiza walewale tunaotaka walindwe. Uzito wa bastola ndio unaomeza teke la risasi. Smith & Wesson 642 yenye fremu ya alumini ina gramu 410 hivi ikiwa tupu. Ruger LCR ya .38 Special (aina ya risasi inayotumika sana kwenye rivolva hizi) iko chini ya gramu 400. Ruger SP101, ambayo ni chuma cha pua, inavuka gramu 700. Ukiweka risasi ya aina moja kwenye zote tatu, SP101 itasukuma kiganja, lakini hizo nyepesi zitakigonga hasa. Mwenye mkono mdogo akigongwa hivyo raundi ya kwanza, raundi ya pili anafumba macho kabla ya kufyatua, na baada ya hapo hataki tena kusikia habari za mazoezi.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji halisemi. Kifyatulio cha rivolva hizi, unapovuta moja kwa moja bila kurudisha kwanza nyundo (kile kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi iwake), kwa kawaida hudai nguvu ya kilo tano au zaidi. Fikiria unavuta kilo tano kwa kidole kimoja huku mkono uleule umeshika kitu cha gramu 400. Lazima kitikisike. Ndiyo sababu kifyatulio ndicho cha kulinganisha kwanza, kabla ya jina lililochorwa ubavuni. Dukani omba kuijaribu ikiwa tupu: silinda ifunguliwe, wewe ukague matundu yote, na muuzaji akague tena. Elekeza mtutu mahali salama, vuta polepole, na jicho libaki kwenye kilenga cha mbele. Kama kilenga kinayumba kabla nyundo haijaanguka, bastola hiyo haikufai kwa sasa, hata kama inaingia mfukoni vizuri. LCR, iliyotoka mwaka 2009, ilijipatia sifa kwa kifyatulio laini, na wengi wenye vidole dhaifu huivuta kwa utulivu kuliko 642 mpya.

Kwa hiyo uliza itakaa wapi. Ikiwa ni ya kufungiwa kwenye kasha la chuma dukani au chumbani, sioni sababu ya kununua alumini. Chukua ya chuma, na mtutu wa inchi tatu ukipatikana ni bora zaidi. Ikiwa utaivaa kiunoni kutwa nzima kwenye joto la Oktoba, hapo wepesi una maana.

"Ya nyundo ya nje ndiyo kamili, nyingine ni pungufu"

Smith & Wesson 637, 638 na 642 ni ndugu wa tumbo moja: fremu ileile ya alumini, risasi tano za .38 Special, mtutu wa inchi mbili kasoro kidogo. Zinatofautiana nyundo tu. Nyundo ya 637 imejitokeza nje. Ya 638 imefunikwa pembeni, imebaki ncha ndogo ya kuvutwa na dole gumba. Ya 642 imefichwa ndani kabisa.

Kuirudisha nyundo kwanza hufanya kifyatulio kiwe chepesi sana, na uwanjani hilo linapendeza. Lakini mtu aliyepigiwa mlango saa nane usiku mikono inamtetemeka. Kifyatulio kilichobaki na safari fupi namna hiyo kinaweza kufyatua kabla hajaamua, na akitaka kuishusha nyundo taratibu juu ya risasi hai, hatari ni ileile. Isitoshe, nyundo ya nje hunasa kwenye koti au kanzu wakati wa kuitoa. Kwa kujilinda mimi ningechukua 642, na mwenye hamu ya kurudisha nyundo akazoea kuishi bila hiyo.

"Rivolva haigomi"

"Mwanangu," aliniambia mzee mmoja anayeuza mpunga, "hii haina mambo mengi kama za magazini. Ukivuta, inalia." Nilimwitikia kwa heshima, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Risasi ikikataa kuwaka, unavuta tena na silinda inaleta nyingine. (Mazoezini usifanye haraka hivyo. Shikilia mtutu kwenye shabaha nusu dakika, kwa sababu risasi iliyochelewa inaweza kuwaka.)

Nusu ya pili haijakaa sawa, hasa kwa kiangazi chetu. Vumbi jekundu la Tabora linaingia kila mahali, na mfuko wa suruali una nyuzi na mchanga usiouona. Nyuma ya silinda kuna kisahani chenye umbo la nyota kinachosukuma maganda nje. Punje chache za baruti isiyoungua, au mchanga, zikikaa chini ya nyota hiyo, haitalala sawasawa. Silinda itazunguka kwa shida au itakataa kufunga kabisa. Kinga yake ni ya bei ya mswaki. Ukitoa maganda, inua mtutu juu kwanza, kisha gonga kijiti cha kusukumia kwa nguvu mara moja, ili maganda yadondoke chini na takataka ziyafuate. Baada ya hapo piga mswaki mkavu chini ya nyota. Usimwage mafuta pale, kwani mafuta ndiyo yanayokamata vumbi. Na mfukoni isikae bila mkoba wake unaofunika kifyatulio, wala isichanganywe na funguo au sarafu.

Ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji, wanaoishi na unyevu wa ziwa, wana adui mwingine. Chuma cha pua kinachelewa kushika kutu, lakini jasho na unyevu wa mkoba wa ngozi vinakishinda. Usiihifadhi ndani ya ngozi. Itoe, ifute, iweke kavu.

"Chukua .357, maana kubwa ni kubwa"

.357 Magnum, iliyoanza miaka ya 1930, ni risasi yenye nguvu kweli. Ila katika mtutu wa inchi mbili sehemu ya nguvu hiyo haipati nafasi. Inatoka kama moto na mshindo mdomoni mwa bastola. Ndani ya chumba chenye bati juu, mwako huo unakupofusha kwa muda, na masikio yanaumia. Hata .38 ya kawaida inavuka desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu papo hapo. Tena katika bastola nyepesi sana, teke la .357 linaweza kuchomoa vichwa vya risasi zilizobaki kwenye maganda yake hadi vikaizuia silinda.

Faida ya kununua ya .357 ni kwamba inakubali pia .38 Special. Kinyume chake hakuna: .357 ni ndefu zaidi, na haitakiwi kuingia kwenye silinda ya .38. Kwa hiyo SP101 ya .357 unaweza kuilisha .38 maisha yake yote na ukaridhika. Rivolva kuukuu isiyoandikwa +P usiilishe risasi za +P (zile zilizotiwa nguvu zaidi ya kawaida), kwa sababu shinikizo lake ni kubwa kuliko ile iliyotengenezewa.

Risasi tano au sita? Tofauti ipo, lakini ya sita hunenepesha silinda, na mtu asiyefanya mazoezi hatapata hata ya tatu.

"Haina sefti, itajifyatukia"

Ruger hizi zina kijiti kinachopeleka pigo la nyundo kwenye pini inayowasha risasi pale tu kifyatulio kinapovutwa, na Smith & Wesson zina kizuizi cha nyundo chao wenyewe. Zikianguka sakafuni hazifyatuki zikiwa nzima. Hatari iko kwenye kidole, na kidole cha mtoto kinahesabika pia: mtoto hutumia mikono miwili kuvuta kile kilichomshinda kwa mmoja. Kasha la chuma lenye kufuli, basi, na chini ya mto siyo mahali pake.

Waliozoea gobore na raifo waangalie mkono wa kushoto. Huku tumefundishwa kushikilia mbele, chini ya mtutu. Kati ya silinda na mtutu wa rivolva kuna mwanya mwembamba unaotema gesi ya moto ubavuni, na kidole kilichopita mbele ya silinda huchanika na kuungua. Mikono yote miwili ikae kwenye mshiko.

"Ukishakuwa na kibali, piga moja hewani wakimbie"

Risasi iliyopanda itashuka, na mtaani itashukia bati la jirani. Kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kinakupa ruhusa ya kumiliki silaha ile yenye namba ile, kwa jina lako. Hakimruhusu shemeji yako kuiazima kwa safari ya Nzega. Na Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mwizi aliyekwishageuka kukimbia na redio begani hakuachii tena nafasi hiyo mahakamani.