Kukosa mkataba wa maandishi hakumnyimi mfanyakazi haki zake

Katika makundi ya simu ya Moshi na Arusha bado unazungushwa ujumbe usemao kwamba mpagazi wa mlimani au kibarua wa shamba la maua asiye na mkataba wa maandishi hana pa kudai. Si kweli. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambacho yeyote anaweza kukisoma, kinamtaka mwajiri ndiye aandae maelezo ya kazi kwa maandishi, na akishindwa kuyatoa shauri linaposikilizwa, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake. Wengi hudhani karatasi ndiyo ajira yenyewe, ilhali hata ujumbe wa malipo kwenye simu unaweza kuwa ushahidi. Tafadhali, ndugu zangu, msiusambaze tena uvumi huo wa makundini. Unawakatisha tamaa wanaodai ujira wao halali.