Si kwamba "hana kichwa cha hesabu"

Kauli hii huanza mapema: fulani hana kichwa cha hesabu, aende zake masomo ya sanaa. Wengi wa hao kichwa wanacho. Hofu ndiyo inayowabana.

Mwaka 2001, watafiti Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo hesabu za kujumlisha huku wakishikilia herufi kadhaa akilini. Zile za kubeba, mfano 25 + 17, ndizo zilizowaelemea hasa wenye hofu. Kile kimoja cha kubeba kinahitaji pa kukaa akilini, na wasiwasi umeshapakalia.

Ndiyo maana mwanafunzi wa kidato cha pili anatatua 3x − 7 = 11 vizuri nyumbani, ila akiitwa ubaoni anaandika 3x = 4. Kanuni anaijua; alama ya kutoa imemponyoka, akaitoa 7 badala ya kuiongeza.

Hofu si kisingizio cha kila kosa, lakini. Asiyeelewa hesabu za sehemu tangu shule ya msingi ataogopa aljebra kwa haki kabisa, na huyo kumwambia "jiamini" ni kumpotezea muda. Mrudishe kwenye ½ na ⅓ kwanza, bila kumcheka.