Sailensa kupanda asubuhi sio kabureta mbovu

Watu wakiwasha mashine za boti za Johnson au Evinrude za V6 za miaka ya 90 asubuhi, sailensa (mzunguko wa mashine ikiwa haina gia) ikipanda tu wanasema kabureta imekufa, fundi anakuja na bisibisi anaishusha, halafu mashine ikishapata moto inazimika kila ukitia gia. Jamani, ile ni QuikStart! Mashine ikiwa ya baridi mfumo wa umeme unawahisha cheche za plagi, ndo maana inazunguka haraka, joto likifika kama nyuzi 35 taiming inarudi yenyewe. Hata ikiwa ya moto, kila ukiwasha inawahisha kwa sekunde chache. Ila kama imeshapata moto kabisa na bado sailensa iko juu, cheki kwanza swichi ya joto kwenye silinda hedi na waya wake, bisibisi baadaye.