Tochi ya Kibaigwa si mtego

Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro, karibu na Kibaigwa utaona magari yakiwashiana taa: kuna tochi mbele, yaani askari mwenye kipima mwendo. Na ndani ya gari utasikia maneno ya miaka yote, kwamba tochi ni mtego wa hela, dereva mzoefu hata akiwa kwenye mwendo wa 80 anasimama popote.

Hasimami, na uzoefu hauhusiki. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80, mita 22. Mpe dereva sekunde moja tu ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwenye lami kavu, wa 50 atasimama ndani ya mita kama 28. Wa 80, akifika palepale, bado anakwenda zaidi ya 70. Breki ndiyo kwanza zinaanza kushika.

Sasa tazama Kibaigwa yenyewe, kwenye soko la mahindi. Mtu anavuka na gunia begani, upande mmoja haoni kabisa. Kijana anakimbilia dirisha la basi na beseni la karanga. Hao ndio sheria iliwafikiria ilipoweka 50 kwenye makazi.

Faini inauma, sikatai. Lakini kupima mwendo si kutega: Uswidi, kabla ya kamera ya barabarani inayopima mwendo, kuna kibao kinachokwambia iko mbele. Mwenye kutega haweki kibao. Tena kamera haina cha kujuana: mwenye V8 la kifahari na mwenye kirikuu, kigari cha mizigo, wote inawapiga picha.